Mama Tofali Aenda Barazani

Watu walimwita Mama Tofali, maana matofali ndiyo yaliyomlisha yeye na wanawe. Asubuhi alikanyaga udongo kwa miguu. Mumewe aliufyatua kuwa matofali kwa kibao, na jua likayakausha. Kisha waliyapanga matofali kuwa tanuri, wakatia kuni, wakachoma.

Siku hiyo tanuri lilikuwa limepangwa, limebaki kuwashwa tu. Mara wifi yake akaja mbio, viatu mkononi.

"Wifi, tumekwisha! Baraza la mji linataka kupiga marufuku matanuri yote. Eti yanaongeza joto duniani!"

Mumewe akatupa kibao chini. "Dunia imejaa viwanda, wao wamekiona kitanuri changu? Hiyo ni siasa tu!"

Mama Tofali alilitazama tanuri lililosubiri moto. Wanawe wangekula nini?

Jioni alikwenda kwa jirani yake, mama anayefanya kazi kituo cha hali ya hewa. Alimkuta akianua nguo.

"Jirani, niambie ukweli. Joto hili lipo, au ni maneno ya wanasiasa?"

"Lipo," jirani alisema. "Sisi tunalipima, na wenzetu duniani kote wanalipima. Moshi wa viwanda, magari na matanuri una hewa inayobaki angani na kuifunika dunia kama blanketi. Miti hunyonya hewa hiyo, nasi miti tunaikata. Hilo halipigiwi kura."

"Sasa wanabishania nini?"

"Nani apunguze kwanza, kwa njia gani, na nani abebe mzigo. Hapo ndipo penye siasa. Na hapo hata wewe una haki ya kusema."

Mumewe alikuwa amemfuata kimyakimya. Akadakia, "Wachafuzi ni wakubwa, halafu mzigo tubebe sisi?"

"Shemeji, hapo una hoja. Hata mataifa yanavutana juu ya hilo. Waliochafua zaidi wanapaswa kubeba zaidi. Lakini kilima chetu tumekinyoa wenyewe kwa kutafuta kuni. Mvua ikikipiga, mafuriko hayaendi kwa wakubwa. Yanakuja kwetu."

Mume akajikuna kichwa.

"Na kuna matofali yasiyochomwa," jirani aliendelea. "Unachanganya udongo na saruji kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono. Unayaweka kivulini na kuyanyunyizia maji mpaka yakomae. Sheria yenyewe haijapita. Keshokutwa baraza litasikiliza wananchi. Nendeni mkaseme."

Siku ya kikao, ukumbi ulifurika. Diwani mmoja alisema habari za joto ni uongo mtupu. Mwingine alitaka matanuri yavunjwe kesho yake. Watu wakazomea. Mama Tofali akasimama.

"Waheshimiwa, mmoja anasema joto hakuna. Aje akanyage udongo na mimi saa saba mchana! Mwingine anasema tuvunje kesho. Sawa, keshokutwa aje kwangu na sufuria, wanangu watakuwa na njaa."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hatukatai kubadilika," aliendelea. "Kilima tumekimaliza, tunaona. Ila tupeni muda. Tupeni mashine ya kushindilia, tuitumie kwa zamu. Tufundisheni. Mkitufanyia hayo, tanuri langu nitalibomoa mwenyewe."

Makofi yalilipuka. Madiwani wakabishana, wakarudi nyuma, wakaenda mbele. Mwishowe kura ikapigwa. Matanuri yaachwe pole kwa pole. Wachoma matofali wapewe mashine na mwalimu. Kilima kipandwe miti, na baraza lilinde miche.

Mama Tofali alijibwaga kitini kama mtu aliyetua gunia. Alicheka huku machozi yakimtoka.

Mashine ilipofika, Mama Tofali alilibomoa tanuri lake, na kazi ikaanza. Hakuna kuni, hakuna moshi wa kuwasha macho. Mama Tofali aliyasimamia matofali kivulini, akiyanyunyizia maji kila asubuhi. Mumewe tu ndiye aliyebaki na shaka.

"Tofali lisilopita motoni?" alinung'unika. "Likionja maji litakuwa uji."

Yalipokomaa, alichukua moja, akalitumbukiza kwenye ndoo, akaliacha humo mpaka kesho yake. Asubuhi alilitoa. Akaligonga kwa kidole. Akaligonga kwa jiwe. Tofali zima, maji yakichuruzika.

"Haya, mume wangu," Mama Tofali alisema, mikono kiunoni. "Sema basi!"

Mume aliligeuza tofali huku na huku, akitafuta ufa. Hakuuona. Akakunja mikono ya shati.

"Niseme nini tena?" alisema. "Sogeza udongo, mama. Leo mashine ni zamu yetu."