Kilichotoka Si Lazima Kirudi Chote

Mume wangu ni fundi wa paa. Mtaani kwetu wanamwita Fundi Bati. Asubuhi hutoka na nyundo yake na mkasi wa kukatia bati, na jioni hurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nashona nguo nyumbani. Tuna binti mmoja, anasoma darasa la tano, na ulimi wake ni mrefu kama wangu.

Kwa miezi mingi Fundi alitoka asubuhi kama kawaida, lakini paa hakupanda. Alibaki chini. Alikata mbao, alinyoosha misumari iliyopinda, alishika ngazi ili wenzake wapande. Mtu aliyeezeka nusu ya nyumba za mtaa huu, leo anashika ngazi! Iliniuma mimi, sembuse yeye.

Sababu ilikuwa uzito. Fundi alinenepa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na sisi tukasema ni afya. Halafu siku moja alikuwa akirekebisha paa la mwalimu mmoja mstaafu. Akakanyaga ubao, ubao ukavunjika, mguu wake ukatoboa dari na kutokea sebuleni. Mwalimu na mkewe walikuwa mezani wanakula. Wakaona mguu wa mtu unaning'inia juu ya sahani zao, na kiatu chake. Mwalimu yule ana utani. Akauambia ule mguu, "Karibu tule."

Mtaa mzima ulicheka. Fundi hakucheka. Kumbe magoti yalikuwa yakimuuma siku nyingi, na alikuwa anatuficha. Daktari akampima, akakuta presha nayo imepanda. Akamwambia apunguze kilo kumi na mbili. Msimamizi wake wa kazi akasema, "Fundi, nakuheshimu sana. Lakini juu hupandi mpaka daktari aniambie uko sawa."

Alilitamani paa lake, jamani. Jioni alikaa mlangoni, macho juu ya nyumba za watu. Akisikia nyundo inagonga mahali, anageuza kichwa.

"Yule anapiga vibaya," anasema. "Sikiliza. Msumari umepinda."

Ukimuuliza anawaza nini, anasema hawazi kitu. Siku moja tu alifungua moyo.

"Kule juu kuna upepo, mama watoto," aliniambia. "Huku chini sijui watu mnaishije."

Basi akaanza mazoezi. Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni nesi wa zahanati. Alimpangia chakula: wali kidogo, mboga nyingi, soda aache, sukari apunguze. Kila jioni atembee kwa haraka mpaka jasho limtoke. Fundi akafuata. Binti yetu akamwekea kwenye simu programu ya kuhesabu mwendo. Ukimaliza kutembea, simu inakuambia umechoma kalori ngapi. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, na mwili ukifanya kazi unaitumia nguvu hiyo.

Mwanzoni alipungua kidogo. Tukafurahi. Halafu mzani ukagoma. Wiki ikapita, nyingine ikapita, uzito uko palepale.

Mimi nilikuwa na wasiwasi na jambo moja. Kila akitoka kutembea, Fundi alikuwa anakaa mezani kabla hata chakula cha jioni hakijaiva. Mkate wenye siagi. Karanga konzi mbili, na konzi ya fundi si konzi ya mtoto. Chai yenye sukari.

"Fundi, hizo karanga za nini tena?"

"Nimechoma kalori mia tano," alisema, akanionyesha simu. "Sasa narudisha."

"Unarudisha wapi?"

"Mwilini. Sikiliza, sisi mafundi tuna sheria. Ukitoa bati bovu asubuhi, lazima uweke zuri kabla ya jua kuzama. Huwezi kumwachia mtu shimo kichwani, mvua ikanyesha. Kilichotoka lazima kirudi. Mwili nao ni nyumba."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Niliona kuna kitu hakikai sawa, lakini mtu ametoka jasho hivyo, utamnyima mkate? Nikamwacha. Akitembea zaidi, akawa anakula zaidi.

Jioni moja alirudi kutoka kupimwa uzito zahanati. Alikaa kitini na viatu vyake vya matope, ndani ya nyumba niliyopiga deki. Nilifungua mdomo nimfokee. Nikamwona uso, nikafunga.

"Zilezile," alisema. "Hakuna hata nusu kilo. Labda paa limeshaniaga, mke wangu. Labda mimi ni mtu wa kushika ngazi."

Nilitamani kumgombeza mtu, lakini wa kugombezwa hakuwepo. Nikatoka, nikaenda kugonga kwa nesi.

Nesi alikuja na kanga yake ya nyumbani. Yeye humwita mume wangu shemeji, na hawaishi kutaniana.

"Shemeji, nionyeshe unachokula ukitoka kutembea."

Fundi akapanga vitu mezani, mkate, siagi, karanga, sukari. Nesi akavitazama kimoja kimoja.

"Na nani alikuambia ule hivi?"

"Simu. Imesema nimechoma mia tano."

"Simu inaujua mwili wako? Inajua una misuli kiasi gani? Inajua ulipanda kilima au ulisimama kuongea na watu?"

"Alisimama," binti yetu akadakia. "Nilimwona kwa muuza magazeti."

"Basi simu inakisia," nesi akasema. "Na mara nyingi inakisia kwa kuzidisha. Tena sehemu ya hizo kalori ungezitumia hata ungekaa hapo kwenye kiti. Ukikaa, moyo hausimami. Sasa tazama. Mkate na siagi, karanga konzi mbili, chai ya sukari. Karanga ni chakula kizuri, lakini zina mafuta mengi. Jasho lako lote la jioni linarudi kabla viatu havijapoa."

Fundi akamweleza sheria yake ya bati. Nesi alicheka mpaka akashika meza.

"Shemeji, sheria hiyo ni ya nyumba za watu! Mwili una akiba yake ya mafuta. Ukikosa nguvu kidogo, unachota kwenye akiba. Hivyo ndivyo mtu anavyopungua. Wewe kila jioni unaujaza kabla haujachota. Halafu kuna jambo jingine. Chakula nilichokupangia, nilikipanga nikijua utatembea. Matembezi yako yamo humo. Wewe unayahesabu mara ya pili."

Fundi akainamisha kichwa. "Kumbe nimetembea bure."

"Hukutembea bure. Moyo umefaidika, na presha imeanza kushuka. Kiuno tu ndicho hakijapata habari."

Ningekuambia mambo yakawa mazuri tangu siku hiyo, lakini humjui mume wangu. Fundi akiacha kitu, anaacha na ndugu zake wote. Aliacha karanga, akaacha mkate, akaacha na chakula cha jioni chenyewe. Nikimwekea sahani, anasema ameshiba. Ameshiba nini, hewa?

Haikuchukua siku nyingi. Alirudi kutoka kutembea, akashika mwimo wa mlango, rangi imempotea. Binti akapiga kelele, akakimbia kumwita nesi. Nikamkalisha, nikampa maji, nikampa ndizi, na maneno pia nikampa.

"Unataka kupanda paa au unataka kupandishwa machela? Nani atanisaidia na huyu mtoto, nyundo yako?"

"Nataka kurudi juu," alisema. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima. "Nataka kurudi juu tu, basi. Nimechoka kutazama soli za viatu vya wenzangu."

Hasira yangu ikaniishia hapohapo. Nikakaa chini karibu naye, nikamshika mkono mpaka nesi akafika. Alimpima presha, akamuuliza alikula nini siku hiyo, akatikisa kichwa.

"Nilisema usirudishe kila kitu. Sikusema ulale na njaa. Mwili usipokula vya kutosha unachoka, na misuli inapungua. Utapigaje nyundo bila misuli?"

"Sasa nifanye nini?" Fundi akauliza. "Nikila kosa, nisipokula kosa."

"Tembea kwanza, halafu ukute chakula cha jioni tayari. Kile ulichopangiwa, na maharage au samaki wake. Chakula hicho kinakutosha. Ukisikia njaa kabla hakijaiva, kunywa maji, subiri kidogo. Njaa ikibaki, kula yai moja la kuchemsha, au tunda."

"Na siku nikibeba mbao kutwa?"

"Siku hiyo umefanya kazi nzito kweli, ongeza kidogo. Si kalori zote ilizosema simu. Nusu yake inatosha, hata chini ya hapo. Usikilize mwili kuliko simu. Na kizunguzungu kikirudi, pumzika, njoo zahanati. Usifiche tena kama ulivyoficha magoti."

"Na nitapungua lini?"

"Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki nyingine mzani hautasogea, usikate tamaa. Bandu bandu huisha gogo."

"Mimi ndio gogo?"

"Wewe ndio gogo, shemeji."

Tukageuza ratiba ya nyumba. Nilianza kupika akiwa njiani, na akifika, sote watatu tunakula pamoja. Baadaye nami nikaanza kutembea naye, maana cherehani ilikuwa imenipa mgongo mbaya. Njiani alinionyesha mapaa. Lile aliliezeka kabla hatujaoana. Lile linavuja, alimwambia mwenye nyumba, mwenyewe hakusikia. Alikuwa akipunguza mwendo mbele ya kila nyumba inayojengwa, na mimi nilikuwa nikimvuta mkono twende. Wakati mwingine sikumvuta.

Kilo zilitoka polepole. Kuna wiki hazikutoka, na Fundi alinuna, lakini alikula chakula chake na kesho yake akatembea. Magoti yakaacha kulia. Presha ikashuka. Mvua zilikuwa zimeshapita na kurudi tena, ndipo daktari akamwambia msimamizi kwamba sasa yuko sawa.

Siku hiyo, mchana, mimi na binti tulimpelekea chakula kazini. Ilikuwa nyumba mpya, na mabati yaling'aa mpaka macho yanauma. Mafundi wengine walikuwa wameshashuka, wamekaa kivulini wanakula. Wangu hakuwa kati yao. Msimamizi akanionyesha juu kwa kidole.

Alikuwa amekaa juu kabisa ya paa, nyundo mapajani, ametugeuzia mgongo. Hakuwa anafanya kazi yoyote. Nikamtazama, machozi yakanijia. Miezi yote ile nililala naye kitanda kimoja, na kumbe nilikuwa na hamu naye.

"Baba!" binti akaita. "Chakula!"

Hakugeuka.

"Baba, kitapoa!"

"Nimesikia, mwanangu," alijibu. "Niacheni kidogo tu."

Mimi si mtu wa kungojeshwa na chakula mkononi, muulize yeyote hapa mtaani. Nikafunika sahani, nikakaa juu ya rundo la mbao, nikamngoja.