Si Damu Iliyomtapisha Musoki

Paa! Kofi likatua kwenye paja la mama aliyekuwa akijifungua.

"Funga kinywa!" Jérôme akafoka. "Wakati ulikuwa unalala na bwana yako, ulilia hivi?"

Musoki akaganda kando ya kitanda. Huyu ndiye mchumba wake? Muuguzi mpole wa kanisani, aliyekuwa akimbembeleza kwa simu asome ukunga ili wafanye kazi pamoja? Ni yeye aliyemwomba daktari amruhusu Musoki ashinde katika maternite hii, zahanati ndogo ya uzazi ya mtaa wa Saio, aione kazi kabla ya kuamua.

"Pardon, munganga," mama akaomba. Aliitwa Viviane, mkimbizi aliyeingia Bunia na mimba yake na kitenge cha mwilini tu. "Iko inauma sana."

"Siye njo tulikupatia hiyo mimba? Muangalie, Musoki. Hawa batu ba kambi banazaa tu kama panya, halafu harufu yabo tunavuta siye."

Akacheka, akamkonyeza Musoki ili naye acheke.

Musoki akamtazama. Meno yale aliyokuwa akiyapenda! Vidole vile vilivyomshika mbele ya wazazi! Kichefuchefu kikampanda mpaka kooni, akakimeza. Akainama kwa Viviane.

"Shika mukono yangu, mama. Vuta pumuzi. Niko hapa."

Viviane akaukamua mkono ule mpaka mtoto wa kike akalia. Ndipo Musoki akatoka mbio, akatapika nyuma ya jengo.

Jérôme akamfuata, akamgusa bega.

"Chérie, usisikie haya. Siku ya kwanza damu inachafua roho. Utazoea."

"Toa mukono yako."

"Musoki?"

"Si damu, Jérôme. Damu nimeona, mavi nimeona, haikunifanya kitu. Ni weye."

"Weye haujue hii kazi! Usipobapiga, banaua mutoto."

"Alikuwa anasukuma muzuri. Na ile kucheka, ilikuwa ya kuokoa mutoto pia?"

Jérôme akageuka, akarudi ndani.

Jioni, Musoki akiwa kwao mtaa wa Ngezi, ujumbe wa Jérôme ukaingia: "Chérie unisamehe. Nilichoka tu. Nakupenda sana."

Akajibu: "Usiniombe miye musamaha. Enda umuombe Viviane."

Simu ikaita papo hapo.

"Musoki, uko na akili? Miye nipigie mukimbizi magoti? Ule mwanamuke iko nani?"

Musoki akafumba macho. Mpaka dakika ile alikuwa bado anampenda kidogo.

"Ambia wazee wako basikuje tena kwetu juu ya mahari," akasema, akakata.

Mama yake, Denise, alikuwa amesikia.

"Mwanangu, wanaume wote wako hivyo wakichoka. Utamuacha bwana juu ya mutu haumujue?"

"Mama, siku nitazaa, nani atanishika? Yeye?"

Denise akavuta kiti karibu naye.

"Na ile masomo?" akauliza.

"Masomo siachi. Sasa njo naitaka."

Asubuhi akarudi Saio, akamweleza daktari yote, kofi na matusi, Jérôme akiwa amesimama palepale na koti lake jeupe la uuguzi.

"Ni kweli?" daktari akauliza.

"Docteur, huyu ni mchumba wangu, tulikosana tu…"

"Nimekuuliza, ulimupiga mugonjwa?"

Jérôme akaanza kulia. Zamani machozi yake yangemmaliza Musoki. Sasa aliyaona yakiteremka mpaka kwenye midomo, akasikia kinyaa tu. Akaaga, akaenda moja kwa moja kujiandikisha shule ya wakunga.