Simu Haikuwaona Ng'ombe wa Hawo

Kila asubuhi, kabla uji haujapoa, simu ya Baba ilitoa mlio mdogo mezani. Everline aliichukua na kusoma kwa sauti ili Bibi naye asikie: "Kwenda Garsen, dakika ishirini na tano. Barabara iko wazi." Simu ilikuwa imeizoea safari yao. Baba aliendesha tuktuk. Alitoka Ngao kila siku isipokuwa Jumapili, na siku za shule alimshusha Everline langoni.

"Hiyo simu yenu itaniambia mpaka nitakachopika," Bibi alitania huku akipapasa meza kutafuta kikombe chake. Everline alikisogeza mkononi mwake. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili ya Bibi kwa miaka mitatu sasa. Alimtambua mjukuu wake kwa sauti, na kwa jinsi alivyoburuta ndara zake.

Wiki hiyo ilitangazwa kwamba madaktari wa macho wangefika Garsen Jumamosi, siku moja tu. Majina yangeandikwa mpaka saa mbili asubuhi, basi. Baba alifurahi, kisha akakumbuka jambo. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na wafugaji walikuwa wakiteremsha ng'ombe mtoni kwa zamu. Walipitia malka, njia iliyoachwa wazi kati ya mashamba kwa makubaliano ya wakulima na wafugaji. Malka ile ilikatiza barabara ya Garsen. Basi Baba akamtuma Everline amuulize Hawo, rafiki yake wa dawati moja, kama zamu ya ng'ombe wa kwao ilikuwa Jumamosi.

Everline alisahau. Ijumaa jioni Baba alipomuuliza, aliona aibu. Akafungua simu haraka, akatazama safari ya kesho yake. Mstari wote wa barabara ulikuwa wa kijani, yaani hapakuwa na msongamano.

"Kesho njia nyeupe, Baba."

"Hawo amesema?"

"Ndiyo."

Lilikuwa neno fupi. Everline akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Jumamosi walitoka saa moja na robo. Bibi alivaa leso mpya, akamshika Everline mkono njia nzima. Alimwambia polepole kwamba hakutamani kuona mambo mengi. Alitaka tu kujua mjukuu wake alikuwa amekua akafanana na nani.

Walipokata kona, Baba akafunga breki. Mbele yao barabara haikuonekana. Palikuwa na migongo na pembe, kahawia na nyeupe, mamia ya ng'ombe wakivuka kuelekea mtoni, na vumbi limetanda juu yao. Kwenye simu, mstari ulikuwa bado wa kijani.

Baba alitazama saa. Alisema wangalijua mapema, wangaliondoka saa kumi na mbili. Bibi alilegeza mkono wake. Hapo Everline hakuweza kuvumilia zaidi.

"Baba, sikumuuliza Hawo. Nilisahau, nikatazama simu. Nilikudanganya."

Baba alizima injini. "Umesema kweli sasa," akajibu. "Haya, nenda ukaulize."

Everline alikimbia kando ya kundi mpaka akamwona Adano, baba yake Hawo, amesimama na fimbo yake begani. Akamwamkia, akamweleza yote, hata uongo wake. Adano alitikisa kichwa. Alisema ng'ombe akishanusa maji hasimamishwi. Lakini kundi la nyuma lilikuwa bado mbali na mto, nalo lilikuwa la ndama. Akapiga mluzi mrefu.

Kutoka kwenye vumbi alitokea Hawo, kijiti mkononi. Alipoelezwa, alimtazama rafiki yake.

"Siku tano tunakaa dawati moja," alisema. "Ungeuliza tu."

"Nisamehe, Hawo."

"Nitakusamehe Jumatatu. Saa hii nishikie huyu, ni msumbufu."

Wasichana wawili walisimama mbele ya ndama, wakiwarudisha kwa vijiti na kelele, Everline akiwa amemkumbatia ndama mmoja shingoni. Ng'ombe wa mwisho alipovuka, uwazi mdogo ulibaki barabarani. Baba akapita, Everline akarukia ndani, sketi yake imejaa manyoya. Walipofika Garsen, karani alikuwa anafunika kalamu. Jina la Bibi likawa la mwisho kwenye daftari.

Siku hiyo hiyo Bibi alipasuliwa jicho moja, na kesho yake muuguzi akafungua bandeji. Bibi alipepesa jicho mara nyingi, akamvuta Everline karibu, akamtazama usoni. Kisha akagusa mwanya wa meno yake.

"Kumbe mwanya ni wangu," alisema, na machozi yakamtoka.

Baba aliketi kando yao, akamwekea binti yake mkono begani.

"Mwanangu, simu haikutudanganya," alisema kwa upole. "Inajua magari tu, ikasema inachokijua. Wewe ulisema usichokijua. Ukitumwa kuuliza, uliza. Ukisahau, sema umesahau. Neno la kweli, ingawa lilichelewa, lilitufungulia njia."

Jumatatu simu ililia tena mezani: dakika ishirini na tano, barabara iko wazi. Everline aliisoma, kisha akamwomba Baba ampigie Adano, kwa kuwa sasa walikuwa na namba yake, aulize zamu ya ng'ombe.