Mkanda Wenye Uzi Mwekundu

"Alikula bukari, Maître! Jana mangaribi! Minyi niliona na macho yangu!"

Ndugu zangu mnaosoma, nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, mikono juu, mkanda umezunguka tumbo langu... na masikio yangu yakakataa kusikia.

Aliyesema vile hakuwa adui. Alikuwa Jeannine. Rafiki yangu wa kusali naye, wa kuchota naye maji, tuliyekuwa tukilala mkeka mmoja tangu utoto.

Na bukari ile, ugali wetu wa kila siku... yeye mwenyewe ndiye aliyenipikia!!

Maître Tshimanga, mwalimu wetu, akavuta mkanda kwa nguvu. Ncha haikufika kwenye uzi mwekundu. Ilipungua kidole tu.

"Citoyenne Kalenga, ulikula?"

"Nilikula, Maître."

"Rudisha kimono ya klabu. Lubumbashi hauendi."

Nilimtazama Jeannine. Alitazama chini.

Ngojeni niwaeleze ule mkanda ulikuwa wa nini.

Hii ilikuwa Kamina, wakati wa Zaire, miaka ya themanini, kila raia akiitwa citoyen au citoyenne. Baba zetu walikuwa watu wa reli. Maître alitufundisha karate katika ukumbi mmoja nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, klabu yetu ilitaka kupeleka wasichana kwenye mashindano ya Lubumbashi. Mimi nilikuwa sijawahi kupanda treni kwenda mbali, pamoja na kuzaliwa kando ya reli!

Maître alikuwa ameona picha za mabingwa wa ng'ambo, miili mikavu kama kuni. Akasema mafuta ni uvivu. Akachukua mkanda mweupe, akaushonea uzi mwekundu. Kila Jumamosi aliuzungusha kwenye kiuno cha kila msichana. Ncha ikifika kwenye uzi, unabaki. Isipofika, unatoka.

Basi mimi Mungu aliniumba mpana. Nina mapaja ya kutwanga muhogo na mabega ya kubebea magunia. Nilipopiga teke lile gunia la mchanga tulilofanyia mazoezi, boriti ya ukumbi ililia.

Lakini mkanda haupimi teke. Mkanda unapima tumbo tu!

Kwa hiyo nilijinyima. Niliacha bukari. Nilikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Nilikimbia kando ya reli saa ya jua kali, nimevaa sweta na plastiki ndani yake, maji sinywi.

Mama alikuwa ananiangalia.

"Mutoto, uko nafunga na kusali ao uko najiua?"

"Yote mawili, mama."

Kiuno kilipungua, ndiyo. Lakini na teke lilipungua! Mguu ulikuwa unapanda nusu, kisha unarudi wenyewe kama mtu aliyesahau alichoendea. Boriti ikanyamaza. Pumzi ikawa fupi. Maître akafurahi: "Sasa unaanza kufanana na karateka."

Kufanana!

Ijumaa ile nilianguka penye robinet, bomba la maji la mtaa, ndoo ikanimwagikia. Jeannine ndiye aliyeniinua. Akanipeleka kwao, akapika bukari na samaki ya mtoni kule Mulongo, akanilisha kwa mkono wake.

"Kula, yaya, dada yangu. Tumbo haiko gunia ya kufunga na kamba."

Nilikula huku nalia. Kesho yake akanisema mbele ya watu wote.

Je, wewe ungefanya nini?

Mimi nililia siku moja. Baadaye nilipiga magoti. Niliomba nguvu, sikuomba kisasi.

Sawa... kisasi kidogo niliomba pia. Mungu ananijua.

Kisha nikala. Wiki nzima nilikula bukari, maharagwe, mihogo, karanga. Nilikunywa maji mpaka mama akacheka. Na kila asubuhi nilipiga teke kwenye gunia la mahindi nyuma ya nyumba. Siku ya nne gunia lilipasuka. Mama alinifukuza na mwiko, kuku wakafanya sikukuu.

Jumamosi klabu ilikuwa inajionyesha mbele ya wazazi kabla ya safari. Ukumbi ulijaa. Mimi niliingia na suruali ya zamani ya baba, kitenge cha mama nimekifunga kiunoni kama mkanda.

Kijana mmoja akapiga kelele: "Ee bantu! Locomotive imefika!"

Watu wakacheka.

"Ndiyo," nikamjibu. "Basi toka kwenye reli!"

Wakacheka zaidi, ila sasa walimcheka yeye.

Maître akaja mbio.

"Kalenga, nilikufukuza."

"Ulinifukuza na mkanda, Maître. Leo nipime na mupinzani."

"Haiko kazi yako kunifundisha."

Baba mmoja akaita kutoka nyuma: "Maître, unaogopa nini? Acha tuone!"

Ukumbi wote ukaitikia. Maître akakasirika.

"Jeannine! Kuya. Umufundishe adabu."

Jeannine akaja katikati. Tukainamiana. Zamani alikuwa mwepesi kuliko sisi wote, ngumi yake hukuiona, ulishtukia tu imefika. Siku ile niliona kila ngumi ikitoka. Zilikuja polepole, zimechoka njiani.

Nikarusha teke. Ndugu zangu, lilipanda lote! Nikalisimamisha kabla ya kugusa kimono yake, kama tulivyofundishwa.

Jeannine akaanguka.

"Amemuua!!" watu wakapiga kelele.

"Sikumugusa! Mungu iko shahidi, sikumugusa!"

Nikamrukia, nikafungua kimono yake apate hewa. Chini ya fulana, vidole vyangu vikakuta kitu kigumu. Vipande vya kitenge! Alikuwa amejifunga kutoka kiunoni mpaka mbavuni, amejikaza kama mzigo, ili ule mkanda ufike kwenye uzi. Mama yake akavikata kwa kisu, na mbavu zake zikaonekana. Ukumbi mzima ulisema "Yesu!" kwa sauti moja.

"Minyi sikujua..." Maître alisema.

Mkanda wa uzi mwekundu ulikuwa begani mwake. Nikauchukua.

"Inua mikono, Maître."

"Nini?"

"Inua mikono!"

Sijui kwa nini alitii. Labda ni macho ya wale wamama. Nikamzungushia kiunoni, nikavuta. Ncha na uzi mwekundu vilikuwa mbali kama Kamina na Kaniama!

Hakuna aliyecheka. Maître akatazama tumbo lake, akamtazama Jeannine pale chini, akaketi sakafuni.

Jeannine alizinduka kwa maji ya sukari. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

"Juu ya nini ulinisema?" nikamuuliza.

"Damu yangu ya mwezi ilikatika tangu Pasaka. Moyo inapiga mubaya. Na weye ulianza kuanguka sawa minyi. Ningekuambia uache, ungekatala, weye kichwa nguvu. Njo nikakusema, Maître akufukuze... ukule."

Nikamnywesha tena maji ya sukari.

"Na weye, mbona haukuacha?"

"Minyi namuogopa Maître," akasema. "Weye hauogopi muntu."

Maître mwenyewe alinirudishia kimono, na hakupima tena kiuno cha mtu. Lubumbashi nilikwenda, nikapigana kundi la wazito, na tumbo langu lote. Nilishindwa fainali, nikarudi na medali ya fedha. Jeannine alikuja kunishangilia. Njia nzima alikula mikate, hakumpa mtu!

Dada zangu, wadogo zangu. Mwili ni nyumba ambayo Mungu alikupa ukae ndani yake. Akija mtu na kamba kuipima kwa nje, muulize kwanza kama anajua kilichomo. Na rafiki akikuumiza, usimfute haraka. Muulize.

Ule mkanda ninao mpaka leo. Ninafungia gunia la mahindi.

Unafika vizuri sana.