Mkeka wa Natale

Asubuhi ya pili ya mazoezi, pembe ya marehemu Natale ilikutwa imelowa pale pa kupulizia. Ilikuwa Januari ya 1988, mji wa Arua, Uganda, wote vumbi tupu, na pembe yenyewe ilikuwa imelala ndani ya blanketi. Rosa Kiden, mjane wake, aliipangusa kwa kanga akaifunga tena. Alikuwa na safari ya kupanga.

Alitaka kuwapeleka vijana sita mlima Liru, kule Koboko, wakalale juu siku saba na kufundishwa wimbo wa pembe wa wazee. Safari haikuwa ya kuahirisha. Aliyebaki akiujua wimbo wote ni Mzee Yakani wa Lobule, na kifua chake kilikuwa kinakwisha. Wakingoja mvua zipite, huenda wimbo ungezikwa naye. Basi Rosa akapanga: lori la Mogga liondoke mtaa wa Oli saa moja asubuhi, adhuhuri wawe Koboko, jua likipoa wapande kwa miguu. Blanketi mbili kwa kila mtu, maana baridi ya juu haina adabu. Unga, maharage, majerikeni manne ya maji. Natale angekuwa hai, angeambiwa lori linaondoka saa kumi na mbili, kwa sababu mtu yule alichelewa kila mahali, hata kwenye harusi yake mwenyewe.

Pembe zilikuwa saba, kila moja na sauti moja tu, na wimbo haukamiliki mpaka watu saba wapokezane. Ya saba ilikuwa ya Natale. Yakani, aliyekuja Arua kusimamia mazoezi, alikataza isipulizwe na mwingine. Aliagiza mkeka wa marehemu utandikwe katikati ya wapigaji, na bakuli lake la chakula liwekwe, asijione amesahauliwa. Watu wa huku walizika wengi ukimbizini, Zaire na Sudani; nani angethubutu kumkatalia marehemu mahali pake? Mkeka ukatandikwa uani kwa Rosa. Lakini mwenye njaa haulizi chakula kiliandaliwa kwa ajili ya nani.

Siku ya tatu watu sita walipuliza, zikasikika sauti saba. Mchana kweupe. Bakuli lilikuwa limelambwa, na pale mkekani palinuka mbuzi aliyenyeshewa. Yakani alilia kwa furaha, akasema Natale amerudi. Rosa naye, tusimlaumu, moyo ulimruka. Miaka sita alikuwa akilala peke yake.

Siku ya nne Paska, mmoja wa wale sita, binti aliyekaa karibu na mkeka ule, alipuliza mara moja akashindwa kuvuta pumzi ya pili. Midomo ilimgeuka kijivu, na kifua hakikufunguka mpaka walipomburuta mbali. Wazazi wakaanza kusema safari ife. Aliitwa Mzee Umaru, mganga wa pale Oli. Akasoma, akanyunyiza maji, kisha akanong'ona kwamba hilo ni jini lililokuta mahali wazi, na mkeka hukunjwa na mwenyewe, yaani mjane. Rosa aliomba siku moja tu kabla ya kuukunja.

Asubuhi ya safari lori lilikuwa limeinama upande mmoja, pale Yakani alipoutandika mkeka wa Natale juu ya mbao, kando ya alipokaa. Hapakuwa na mtu juu yake. Dereva Mogga alishuka, akalizunguka lori.

"Mama Rosa, hii gari iko na mutu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapana ona yeye, lakini iko."

"Iko Natale," Yakani alisema kwa upole. "Acha yeye, mutoto yangu. Yeye nataka kwenda na sisi."

Akawaashiria vijana wapulize mwanzo wa wimbo, wamfurahishe. Wakapuliza kwa woga, moja, mbili, tatu, na sauti ya saba ikaingia mahali pake sawasawa, bila kukosea hata kidogo. Hapo Rosa akajua, na hasira ikamshika kuliko hofu.

"Huyu hapana Natale," alisema. "Natale nachelewa. Hata kufa yeye nachelewa, mimi nakaa na yeye siku tatu huko Aba, Zaire. Wewe iko nani? Toka kwa mahali ya bwana yangu."

Akapanda lori, akashika ncha ya mkeka akaanza kuukunja, na kilichokuwa juu yake kikamhamia kifuani, kizito, cha baridi, kinanuka mbuzi aliyelowa, kikamsukumia pumzi zake tumboni, naye hakuuachia mkeka, akautupa nje, akakaa pale pale kwenye mbao, akachukua pembe ya Natale, ambayo hakuwahi kuipuliza maishani mwake, akaiweka mdomoni, upepo wa humo ukamrudia kooni na ladha ya tope, akausukuma, ukamrudia, akausukuma tena mpaka pembe ikalia kwa pumzi yake mwenyewe.

Lori likainuka. Mogga akawasha injini bila kuambiwa, na Yakani akasogea kumpisha Rosa nafasi.

Siku ya saba, juu ya Liru, wimbo ulitoka mzima, Rosa akipuliza pembe ya saba. Yakani alicheka hadi akakohoa, akasema mjane anachelewa kama bwana wake. Walipourudia, kutoka chini bondeni, ambako hapakuwa na mpigaji, sauti ya saba ikalia kwa wakati wake sawasawa. Vijana wakamgeukia Rosa. Yeye alivuta pumzi, akangoja kidogo, akachelewa kwa makusudi, kisha akapuliza.