Viunzi Viwili, Fomu Moja

"Nataka simu mbovu kuliko zote ulizonazo."

Muuzaji alimkodolea macho. Jumamosi jioni jengo la maduka ya simu la Hatirpul, Dhaka, linafurika mpaka mtu unapumua pumzi ya mwenzio, na kila mteja anataka mpya. Huyu Tonima, na shalwari yake ya kijani kibichi na mtandio wa rangi ya chungwa, anataka mbovu!

"Ipo moja inajikokota," alisema muuzaji, "ila kaka huyu keshaishika."

Kaka mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe, pasi kali kama anakwenda kuoa.

"Nimekutangulia, dada. Nataka kioo chake, nikiweke kwenye simu ya shangazi."

"Mimi naitaka nzima. Natengeneza fomu za mtandaoni. Nikizijaribia kwenye simu nzuri zinanidanganya."

Kijana akacheka. "Kumbe tuko kazi moja! Haya, chukua. Lakini chai juu yako."

Ishraq ndilo jina lake. Walipokuwa wakinywa chai kando ya barabara, alimwambia kwamba kesho Jumapili, wiki ya kazi ya Bangladesh inapoanza, anaanza kazi kwenye kampuni moja ya programu kule Mohakhali. Tonima akapaliwa, kwani ndiyo kampuni anayofanyia kazi yeye.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita mwezi ofisi nzima ilikuwa inajua. Kila siku simu.

"Umekula?"

"Nimekula, bwana mkubwa."

"Umekula nini?"

"Kwani wewe daktari wangu?"

"Mimi mgonjwa wako, Toni."

Lo, na msichana wa watu anajifunika mtandio usoni, anacheka peke yake!

Kisha ikaja kazi ya visiwa vya mto, kule Kurigram. Wajawazito wa huko wakitaka mashua ya kuwapeleka hospitali, waiombe kwa simu, kwa kujaza fomu. Tena fomu inayojibadilisha: ukijibu hivi, maswali haya yanafunguka, ukijibu vile, yale yanajifuta. Mhudumu wa afya wa kisiwa kimojawapo alikuwa Mithila, dada mkubwa wa Tonima.

Fomu ya namna hiyo huwezi kuianza bila kuchagua kiunzi cha JavaScript, ile mifupa ya programu ambayo wengine wamekwisha kuiandika, wewe unavika nyama. Ishraq alitaka kiunzi kikubwa, kinachojulikana na kila mtu. Tonima alitaka kidogo, chepesi.

"Chako wanaokijua Dhaka nzima hawajazi meza moja," alisema Ishraq. "Kikiharibika, nani atatuokoa?"

"Na chako unakijaribia wapi? Hapa ofisini, mtandao unakimbia kama mwizi, na simu yako ya pesa laki moja! Dada yangu akikaa na mwanamke mwenye uchungu, ukurasa haufunguki, utamwambia usijali, wanaokijua ni wengi?"

Alhamisi, mbele ya mkuu wa kampuni, Tonima alitegemea mpenzi wake atakuwa upande wake. Ishraq akasimama, akasema, "Naomba wiki moja kabla ya kuamua."

Wiki moja, na mto unapanda! Tonima alihisi kama amechapwa kibao. Jioni akapiga simu, haipatikani. Jumapili kiti cha Ishraq kitupu. Jumatatu vilevile. Alijifungia chooni akalia. Nampenda, alijiambia, lakini simwamini tena, na mtu usiyemwamini huwezi kumpa maisha yako.

Jumanne mchana dada yake akapiga.

"Tonima, kuna mwanamume hapa ana tope mpaka magotini. Siku ya tatu leo anazunguka kisiwa na simu za akina mama, ananong'ona moja, mbili, tatu. Watoto wanadhani anasoma dua."

"Anaitwa nani?"

"Alisema ni mtu wa majaribio tu. Leo nimemkuta analia, ndipo akakutaja wewe. Huyu hapa."

"Toni..."

"Usiniite Toni! Siku tano!"

"Nilikuandikia nikiwa kwenye mashua. Laini yangu huku haishiki, ujumbe umekwama hapa mpaka sasa. Hii ni simu ya dada yako."

"Kwa nini hukuniambia kabla ya kuondoka?"

"Ungempigia dada yako, naye angekupendelea. Nilitengeneza fomu mbili, zote kwa maswali yale uliyoyapanga, yangu kwa kiunzi changu, yako kwa kiunzi chako, nikataka zipimwe kwa haki, kwenye simu zao wenyewe."

Tonima akatoka ukumbini, mbali na masikio ya ofisi.

"Yangu imekaa nyeupe sekunde arobaini na moja. Mama wa watu akaweka simu chini, akaenda kuchochea moto. Halafu akaniomba radhi, Toni! Eti simu yake ndiyo mbaya. Nimekosea mimi, anaomba radhi yeye!"

"Na yangu?"

"Sekunde tatu. Leo alfajiri binti mmoja, Korimon, mimba ya kwanza, maji yamemtoka. Nilikuwa nimemwomba nahodha wa mashua ya hospitali apokee majaribio yetu, basi tukamwachia Korimon ajaze mwenyewe kwenye simu yake. Maisha yake yote hajawahi kujaza karatasi. Fomu yako ikamuuliza, maji yametoka? Akabonyeza ndiyo. Maswali sita yakajifuta palepale, likabaki moja tu: uko gati gani? Akabonyeza. Toni, mto huu ng'ambo haionekani, ni maji na mbingu tu, unaogopesha. Na kidole kimoja cha binti yule kimeivusha mashua! Dakika ishirini, naiona hiyo inakuja. Nilibaki mdomo wazi. Miaka minane nafanya kazi hii, sikuwahi kujua tunachofanya ni nini."

"Amejifungua?"

"Mtoto wa kike. Salama."

Tonima aliegemea ukuta, mkono kifuani. Subhanallah. Maswali yale sita aliyapanga yeye, akila ndizi mezani kwake, akiwaza mambo mengine kabisa.

"Nimeshamwambia mkuu, kwa simu hii hii," Ishraq aliendelea. "Tunachukua kiunzi chako, na nitakisoma mpaka nikiweze. Na jambo jingine, nimemwomba dada yako..."

Simu ikanyang'anywa.

"Ananiomba wewe!" Mithila alifoka. "Tangu lini mtu anajileta kuposa mwenyewe, hana mjomba, hana sanduku la halua, ana tope? Nimfukuze?"

"Mpe chakula kwanza."

"Keshakula mara mbili. Nakuuliza wewe, unamwamini?"

"Dada, mwanamume aliyesafiri mpaka huko kwenda kujipima, akashindwa na mimi, akaniambia kwa mdomo wake mwenyewe, nikimwacha huyo nitampata wapi mwingine? Mwambie awalete wazee wake Ijumaa."

Ijumaa wakaja.