Binti Ndiye Aliyeumega Mkate

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Fergal, usinichezee. Baba yako. Umemwambia?"

Upande wa pili wa simu Nuala akasikia ng'ombe akilia, kisha mlango wa zizi ukifungwa, kisha mwanaume mzima mwenye mvi za kwanza akikohoa kikohozi cha uongo.

"Nilitaka kumwambia jana," Fergal akasema. "Ila ng'ombe alikuwa anazaa."

"Na juzi?"

"Juzi alikuwa na hasira."

"Na Jumapili?"

"Jumapili alikuwa na furaha, mpenzi wangu. Nikaona nisimharibie."

Nuala alikuwa amesimama katika jiko la shule, mahali anapowapikia watoto wa kijiji cha Kilvarna chakula cha mchana. Akaweka mwiko chini. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kati ya hayo mawili hakujua lipi litangulie.

"Sikiliza. Wale watu wa Edinburgh wanataka jibu Jumatatu. Mwaka mzima nitakuwa kule, nasimulia jukwaani kila wiki. Kama baba yako hataki kunisikia, niambie niende. Mimi siingii kwenye nyumba ambayo mdomo wangu unabaki nje mlangoni."

"Nuala..."

"Kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Brigida. Baada ya Misa kijiji kizima kitakuwa kwa dada yangu. Baada ya hapo, Fergal, mimi sina la kusubiri."

Akakata simu.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mzee Packie Considine, baba yake Fergal, ndiye mwenye hadithi za Fianna pale kijijini, wale mashujaa wa zamani wa Ireland. Alizipokea kwa babu yake, naye babu kwa babu yake. Palipokuwa na Packie, hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa bila ruhusa yake. Tena wazee walikuwa na msemo wao: kuku jike anayewika na mwanamke anayesimulia Fianna, wote wawili ni mkosi nyumbani.

Nuala aliusikia msemo huo akiwa msichana mdogo, katika jiko la Packie mwenyewe, siku alipojisahau akataja kinachofuata kabla mzee hajafika hapo katika hadithi. Watu walicheka. Yeye alinyamaza, lakini masikio hakuyafunga. Alizikusanya hadithi zote moja moja, kama mtu anayeokota mayai bila kuamsha kuku.

Sasa kila Ijumaa jioni alikwenda mjini Galway, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la vitabu, akasimulia Fianna mbele ya watu waliolipa kiingilio. Na aliyeketi pembeni yake akipiga kinubi alikuwa Fergal. Hapo ndipo walipopendana. Baba mtu aliambiwa Fergal anakwenda kwa daktari wa meno.

Jioni ile ujumbe ukaingia kwenye simu yake:

"Nimemwambia!!"

Nuala akaruka kutoka kitini. Kabla hajatua, ukaingia wa pili:

"Nimemwambia kuna jambo nataka kumwambia. Amesema kesho."

Nuala akamwonyesha dada yake Dervla. Dervla akasoma, akarudia kusoma, akamrudishia simu.

"Mwanaume huyu," akasema, "akiumbwa upya, Mungu aanze na uti wa mgongo."

* * *

Kesho yake baa ya Dervla ilijaa. Mvua ya upepo ilikuwa ikinyesha, na makoti yaliyolowa yalitoa mvuke mbele ya moto. Kila mtu alikuja na msalaba wake wa matete uliobarikiwa kanisani. Watoto walikula mkate wa zabibu kavu, wazee wakashika bia yao nyeusi, na Mzee Packie akaongozwa hadi kwenye kiti chake karibu na moto, fimbo mkononi, kama askofu.

"Mzee, habari za nyumbani?" Dervla akamuuliza.

"Nzuri, mwanangu. Ila huyu kijana wangu ananitia wasiwasi. Kila Ijumaa daktari wa meno. Farasi wangu ana meno makubwa kuliko yake na hajaenda hata mara moja."

Baa nzima ikacheka. Fergal akawa mwekundu hadi masikioni. Nuala akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu.

Katika baraza kama lile watu hawajitolei wenyewe. Kuna mwito wa heshima. Aliyemaliza kuimba, kupiga au kusimulia ndiye anayemtaja anayefuata, na aliyetajwa hakatai, awe mgonjwa, awe na haya. Packie aliulinda mwito ule kuliko hata hadithi zake. Aliwahi kumwinua bwana harusi mezani, kijiko mdomoni.

Ilipofika zamu ya Fergal, akapiga kinubi wimbo wa polepole hadi watoto wakaacha kutafuna. Alipomaliza, vichwa vyote vikageukia moto. Kila mara, baada ya Fergal, ni baba yake.

"Mwito ni wako, Fergal," mtu akasema.

Fergal akajifuta jasho. Akamtazama baba yake. Akatazama sakafu. Nuala akasema moyoni, basi, yamekwisha. Akachukua sinia la vikombe, akaanza kuelekea jikoni.

"Namwita Nuala Hanrahan," Fergal akasema.

Vikombe vikalia juu ya sinia. Dervla akawahi kulishika.

"Nenda," akamnong'oneza. "Uti wa mgongo umefika. Nenda kabla haujaondoka!"

Nuala angeweza kuimba wimbo mfupi wa Mtakatifu Brigida, akapigiwa makofi, akakaa salama. Alisimama katikati ya nyumba, akafumba macho, akasema, "Bwana, shika ulimi wangu." Akafumbua.

"Palikuwa na karamu kwenye kilima cha Tara," akaanza. "Jemadari mzee wa Fianna alikuwa anaoa binti wa mfalme."

Watu wakavuta pumzi. Kutoka nyuma sauti ikatoka: "Kokorikoo!" Alikuwa Mossie, muuza mbolea.

Fimbo ya Packie ikagonga sakafu.

"Nyamaza, Mossie! Amepewa mwito."

Nuala akaendelea. Aliwaonyesha binti yule akimtazama bwana harusi mwenye ndevu nyeupe, akiuliza jirani yake, "Huyu anamwolea mwanawe, au ananioa yeye mwenyewe?" Wanawake wakaangua kicheko. Aliwaonyesha kikombe cha dhahabu chenye dawa ya usingizi kikipita mkono kwa mkono, na wakubwa wakilala mmoja baada ya mwingine, pua ndani ya supu. Fergal akakiinua kinubi bila kuambiwa. Nyuzi zikaanza kutembea nyuma ya maneno, kama Ijumaa zote. Kisha binti akamsogelea kijana aliyempenda.

"'Nichukue,' akamwambia. Kijana akasema, 'Siwezi, wewe ni wa mkubwa wangu.' Binti akasema, 'Basi nakufunga kwa kiapo ambacho shujaa hakivunji. Kabla hawa hawajaamka, uwe umenitoa nje ya kuta hizi.' Akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma, akasimama nje gizani, anasubiri. Hajui kama atakuja."

Hapo Nuala akanyamaza.

"Je, alikuja?" mtoto akauliza.

"Mwito sasa ni wangu," Nuala akasema. "Namwita mwenye hadithi. Mzee Packie Considine."

Kila mtu alielewa. Mzee akikataa, atakuwa ameuvunja mwito mbele ya kijiji. Akikubali, lazima aanzie pale alipoishia mwanamke, na hadithi yake itakuwa imeshonwa kwenye ya Nuala.

Packie akamgeukia.

"Umenitega, binti wa Hanrahan."

"Nimekuita, mzee."

"Hm." Akajisogeza kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. "Kijana alikuja," akasema. "Angekosaje kuja?"

Sauti yake ikaijaza nyumba. Akawakimbiza wapenzi wale msituni na mapangoni, jemadari akiwafuata nyuma na mbwa wake. Kila walipolala, kijana aliacha mkate mzima, haujamegwa, ili jemadari auone ajue kwamba binti hajaguswa.

"Mpaka asubuhi moja," Packie akasema, "kando ya ziwa. Binti aliamka kabla ya kijana. Akauchukua ule mkate kwa mikono yake mwenyewe, akaumega katikati, akauweka juu ya jiwe ili uonekane."

Nuala akainua kichwa.

Packie siku zote alisema kijana ndiye aliyeumega. Babu yake alisema hivyo, na kijiji kizima kilijua hivyo. Binti kuumega mkate kwa mkono wake ilikuwa ya Nuala. Aliitunga yeye, na hakuwahi kuisema popote isipokuwa Galway.

Makofi yalipopungua, akamsogelea.

"Mzee. Hiyo ya mkate umeitoa wapi?"

"Kiti cha mwisho, nyuma ya nguzo," Packie akasema taratibu. "Nilivaa kofia ya marehemu kaka yangu. Huko mbele mnakaa wenye macho mazuri, hamuoni nyuma."

"Ulikuja lini?"

"Ijumaa nyingi, binti. Hata mimi nina meno."

"Na hukusema neno!"

"Nilikuwa namsubiri huyo." Akaelekeza fimbo kwa Fergal. "Asiyeweza kunitajia jina la anayempenda, nitamposeaje mtoto wa watu? Na mkate wako ni mtamu kuliko wangu. Ndiyo maana nimeula." Kisha akapaza sauti. "Mwito ni wangu! Fergal Considine. Kinubi weka chini. Leo hatutaki nyuzi, tunataka maneno."

Fergal akasimama, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Baba," akasema, "meno yangu hayana tatizo."

"Hilo tunajua!" baa nzima ikaitika.

Akacheka, na kicheko kile kikamfungua. Akamgeukia Nuala.

"Mimi ni mwoga, na unajua. Lakini nikiwa kando yako unaposimulia, siogopi kitu; naogopa tu hadithi isije ikaisha. Ukienda Edinburgh nitakufuata na kinubi mgongoni, nilale hata kituoni. Ukibaki, nitajenga jiko lenye viti vya kutosha, nawe usimulie utakacho, mlango wazi. Nataka kukuoa, Nuala, kanisani, mbele ya hawa wote." Akameza mate. "Mwito ni wangu. Namwita Nuala Hanrahan."

Dervla alikuwa anamimina chai nje ya kikombe, wala hajui.

Nuala akamtazama mwanaume yule aliyechelewa kuliko treni, akafika.

"Ndiyo, Fergal," akasema. "Edinburgh nitawaandikia kwamba tutakwenda pamoja, wakati wa kiangazi, wiki chache. Ila Ijumaa zote nyingine ni za Galway."

"Zote!"

"Na baba yako atakaa mbele. Bila kofia."

"Kiingilio je?" Packie akauliza.

"Utalipa kama wenzako, mzee."

Kicheko kikatikisa madirisha. Fergal akamkumbatia Nuala, akamwinua, miguu yake ikagonga sinia mezani, vikombe vikaanguka sakafuni, wala hakuna aliyeinama kuokota. Padri, aliyekuwa ameketi kimya kwenye kona na kipande chake cha mkate, akauliza kama baada ya Pasaka kutawafaa, akajibiwa na watu wengi kwa pamoja kwamba kutafaa sana.

"Mwito! Mwito bado ni wa Nuala!" mtu akapiga kelele. "Anamwita nani?"

Nuala akapangusa macho kwa kiganja, akaitazama nyumba yote: dada yake, mzee kwenye kiti chake, watoto wenye makombo midomoni, Mossie aliyejificha nyuma ya glasi.

"Naita nyumba nzima," akasema. "Na Mossie ndiye aanzishe."

Na kwa kuwa mwito haukataliwi, Mossie akavua kofia, akakohoa, akaanza kuimba vibaya sana, na kijiji chote kikampokea wimbo.